Mafuta ya Mbuta kwenye Bolti

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne juu yake, kwamba bunduki ikipakwa mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, risasi yake hujifunza kuogelea. Sisemi kupenya maji. Nasema kuogelea. Kiboko amezama, amebakiza matundu ya pua tu, anajiona mjanja. Risasi inaingia majini, inageuka kushoto, inageuka kulia, inamtafuta kama askari kanzu, na inampata hata akijificha chini ya magugu maji. Ndivyo tulivyoambiwa ufukweni kwetu Nyakach, na aliyetilia shaka alionekana ana kasoro ya malezi.

Na ushahidi tulikuwa nao! Askari wa wanyamapori aliyekuwa kituoni kwetu zamani, mzee mfupi mwenye masharubu ya kufagilia uwanja, alipaka bunduki yake mafuta ya mbuta kutoka kwenye chupa ya soda. Akipita sokoni Pap Onditi paka walimfuata. Kiboko akianza kuharibu mashamba, mzee alitoka peke yake alfajiri, sisi tukasikia mlio mmoja kutoka vitandani, tukageuka upande wa pili. Mchana mzoga wa kiboko unaibuka katikati ya maji. Katikati ya maji, jamani! Nani alimpiga huko kama si risasi yenye mapezi?

Nilikulia na habari hiyo, nikahamia nayo Kondele, mjini Kisumu, ambako mchana niliosha pikipiki na jioni nikasoma shule ya watu wazima. Tulipofika mada ya msuguano katika fizikia, niliinua mkono na kumweleza mwalimu kwamba mafuta ya samaki yana kumbukumbu ya maji, kwa hiyo risasi inapopita ndani ya bunduki inarithi ile kumbukumbu. Darasa lilinipigia makofi. Mwalimu, ambaye alikuwa amefundisha shule nyingine tangu asubuhi, alinitazama kwa muda wa kutosha kuchemsha githeri, kisha akasema, "Hiyo haiko kwenye silabasi." Mimi nikachukua kwamba amekubali.

Baadaye nikapata kazi kwenye kituo kile kile cha nyumbani, nahodha wa boti. Boti yenyewe ni ndogo lakini mimi huielezea kama meli. Mzee wa masharubu alikuwa ameshastaafu, amerudi Katito kufungua kinu cha kusaga unga. Bunduki yake ikabaki kwenye sanduku la chuma, na aliyepewa kuibeba ni mwanamke.

Huyo sisi sote tulimwita afande, na humu nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mrefu, kivuli chake kilishuka kwenye boti kabla yake. Sauti yake ingewasha injini bila mtu kuvuta kamba. Aliimba nyimbo za kanisa akiwa kazini, na aliziimba vibaya sana, kwa raha sana. Lakini akishika kitu cha kazi ananyamaza, na vidole vyake vinakuwa vya mtu anayemvisha mtoto mchanga soksi. Nimefanya kazi na watu wengi. Sijaona mwingine aliyeheshimu chuma namna hiyo.

Ile bunduki ni ya mtindo wa zamani. Haimimini risasi kama mvua. Ina bolti, kile chuma chenye mkono pembeni: unakiinua, unakivuta nyuma, unakisukuma mbele na risasi inaingia, unakilaza, ndipo unafyatua. Kila risasi unaifanyia kazi. Kwa kiboko ndiyo inayotakiwa, kwa sababu kiboko ni nyumba yenye meno, na hutaki kumrushia changarawe.

Kila mwenye bunduki huitwa mara kwa mara kupimwa shabaha. Afande alipoitwa, alirudi ameketi kwenye gari bila wimbo wowote. Hapo nikajua mambo yameharibika. Alishuka, akaweka bunduki mezani, akanieleza mwenyewe. Bolti ilikwama nusu ya njia. Akaisukuma kwa kiganja, ikaingia ikinung'unika. Akafyatua: ta! Hakuna mlio. Akangoja kama walivyofundishwa, akatoa ile risasi, akaweka nyingine. Ta! Tena hakuna mlio. Wenzake wakaangalia viatu vyao, ile huruma ya wanaume ambayo ndani yake kuna kicheko.

"Mkufunzi amesema nitarudi mara moja tu," aliniambia. "Nikishindwa, bunduki inaenda kituo kingine, na mimi nafungashwa niende Kisumu, nikae getini nikate tiketi."

"Afande, getini kuna kivuli na kiti."

"Nahodha, mimi nilikimbia mlimani na gunia la mchanga mgongoni. Nimelala kwenye matope na nyoka. Unafikiri nilifanya hayo yote nije nichane tiketi za watoto wa shule wanaokuja kuona simba amelala?"

Na halikuwa jambo lake peke yake. Kiboko mmoja dume alikuwa amezoea mashamba yetu, na bunduki hiyo ikiondoka, ya karibu ilikuwa mbali kabisa, upande wa pili wa ghuba. Mama mmoja wa viazi vitamu alikuwa akipita kituoni kila asubuhi kutoa ripoti yake kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Afande! Mgeni wako amekula tena! Na leo hata hakuomba chai!"

Sasa mimi, msomi, nikaona zamu yangu imefika.

"Afande, dawa naijua. Bunduki ina njaa."

"Njaa ya nini?"

"Mbuta. Mzee aliizoesha mafuta ya mbuta, wewe umefika umeinyima. Imegoma. Ipake, utaona risasi inavyoogelea."

Alinitazama kama fundi anayetazama injini inayotoa moshi wa buluu. "Inaogelea mtindo gani? Wa mbwa au wa chura?"

"Usicheke, afande. Nimesoma fizikia."

"Ulipata nini?"

"D ya juu."

"Basi iko majini bado, inatafuta nchi kavu."

Alicheka hadi akafuta machozi, na nafurahi kwamba alicheka, kwa sababu tangu arudi hakuwa amefungua mdomo ila kwa huzuni. Kisha akavuta kiti barazani. Akahakikisha bunduki haina risasi, akaangalia tena kwa macho, akaangalia mara nyingine kwa kidole, kana kwamba macho yamewahi kumdanganya. Akatoa bolti. Akaizungusha, akaibana, akaifungua vipande: mwili wake, springi, na pini ndefu inayogonga kitako cha risasi.

Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya asali ya zamani, kimeganda, kinavutika kama gundi ya kunasia panya. Kilinuka. Paka wa kituo, aliyekuwa amelala jikoni, alitokea papo hapo.

"Njoo uione dawa yako," afande akasema.

"Si nilisema! Mbuta!" Nilikuwa na furaha ya mshindi.

"Ndiyo, mbuta. Yamekaa humu yakashika joto na hewa, yakawa gundi. Angalia." Akaivuta springi, ikarudi polepole kama mzee anayeinuka kanisani. "Nikifyatua, pini inatakiwa iruke. Hii inajikokota. Inafika imechoka, inabisha hodi badala ya kugonga. Risasi inasikia hodi, inakaa kimya."

Nilielewa maelezo hayo neno kwa neno, na imani yangu haikutikisika hata kidogo. Nilijiambia kwamba haya ni mafuta yaliyozeeka. Mbuta mpya ni kitu kingine.

Aliloweka vipande kwenye mafuta ya taa, akavisugua kwa mswaki, akavifuta hadi vikang'aa kama vijiko vya harusi. Lakini chuma kikavu kando ya ziwa hakikai. Hewa yetu ina maji. Ukiacha msumari nje asubuhi, jioni umevaa nguo nyekundu. Ilibidi apake kitu. Mafuta rasmi ya bunduki yalikuwa yameagizwa, na yalikuwa njiani kwa muda mrefu kiasi kwamba nadhani yalikuja kwa miguu. Askari wa vituo vingine walipomwambia kwa simu wanapaka nini, kila mmoja alitaja kitu chake na kuapa.

"Sitaki kiapo," alisema. "Nataka kuona. Nahodha, nenda Kondele uniletee kila kitu kinachoteleza."

Nilikwenda Kondele kama balozi. Kwa fundi wa injini za boti nilisimama katikati ya vyuma vyake nikatangaza, "Nataka oili kidogo kidogo za kila aina, za kupaka bunduki."

Fundi akaacha spana. "Omera, ndugu yangu, toka nje, ingia tena, useme pole pole."

"Ni ya serikali."

"Hiyo ndiyo imenitisha zaidi."

Nilipomweleza alicheka, akanipa oili safi ya injini, ile ya kuchanganya na petroli, kidogo ya oili chafu iliyokwisha kutumika, na grisi ya beringi kwenye kifuniko. Mama mmoja fundi cherehani alinimiminia mafuta yake meupe kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. "Mwambie afande haya hayaachi doa kwenye gauni," alisema. Nikaongeza mafuta ya kujipaka, ya ngozi, kwa hiari yangu. Na mbuta, mapya kabisa, ya asubuhi ile, kutoka kwa akina mama wanaokaanga vichwa vya samaki. Hayo niliyabeba mfuko wa shati, karibu na moyo.

Afande alichukua kioo cha dirisha kilichovunjika, akatia tone la kila kimoja, mbali mbali, akakiweka juu ya paa la banda la boti. Akachukua misumari mipya, akaupaka kila mmoja mafuta yake, akaichomeka kwenye ubao ukingoni pa maji. Kisha tukangoja. Yaani yeye alingoja. Mimi nilikuwa shabiki. Nilipanda paa asubuhi na jioni kushangilia tone langu. Jua letu la wiki ile lilikuwa kali hivi kwamba nyanda za mpunga zilikuwa zinajipika zenyewe. Kuku walikuwa wanataga mayai ya kuchemsha.

Tone langu ndilo lililoanza kuaibika. Kwanza nzi walifanya mkutano. Kisha likaota ngozi juu, kama uji ulioachwa. Afande alipoligusa kwa kijiti lilimfuata likavutika. Mafuta ya kujipaka yaliyeyuka yakatembea hadi kwa jirani. Oili chafu ilikuwa imejaa chembechembe, ukiisugua kati ya vidole inakwaruza, na afande akasema hiyo ni msasa uliovaa koti. Oili ya kuchanganya na petroli ilikusanya vumbi lote la Nyakach, na zaidi ya hayo, alisema, hiyo imetengenezwa iungue pamoja na petroli, si ikae. Mafuta ya cherehani yalibaki maji safi, membamba, lakini yalikuwa yamepungua. Oili safi ya injini ilikaa pale pale, haikuganda, haikukimbia. Grisi haikusogea hata unywele.

Kwenye ubao, msumari wa cherehani ulikuwa umeanza kupata madoa ya kutu. Wa oili safi ulikuwa mzima. Wa mbuta pia ulikuwa mzima, nami nikapiga kelele ya ushindi, hadi aliponiambia niung'oe. Ulitoka na nusu ya ubao.

"Sasa nimejua," akasema.

Nilidhani atachagua moja. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alikaa barazani akaigawa bolti kama mtu anayegawa chakula kwa wageni wenye matumbo tofauti. Ndani, kwenye pini na springi, mafuta ya cherehani, kidogo sana, kisha akayafuta tena kwa kitambaa hadi nikadhani amebadili mawazo. Mwili wa nje akaupitishia oili safi ya injini, utando tu. Yale masikio mawili ya mbele, yanayojifunga ndani na kubeba kishindo chote risasi inapolipuka, akayagusa kwa grisi kwenye ncha ya njiti ya kiberiti. Na chumba ambamo risasi inalala akakifuta kikauka kabisa.

"Ongeza, afande. Mbona unaibania?"

"Hii si chapati, nahodha. Mafuta yakizidi yanashika vumbi, vumbi na mafuta vinakuwa matope. Na ndani ya chumba cha risasi sitaki hata tone. Ganda la risasi likilipuka linatakiwa lishike ukuta. Likiteleza, kishindo chote kinarudi kwenye bolti, na nyuma ya bolti ni uso wangu."

Akairudisha bolti. Akaivuta, akaisukuma. Sijui niuelezeje ule mlio. Nimesikia kwaya kubwa, nimesikia injini mpya ikiwashwa kwa mara ya kwanza. Ule ulikuwa mfupi, laini, wenye uhakika, kama mlango wa gari la tajiri. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akaanza kuimba, vibaya, na kituo kizima kikapumua.

Siku ya kupimwa niliomba nafasi nyuma ya pikapu kwa kisingizio cha kubeba mbao za shabaha. Uwanja ulikuwa mkavu, na upepo wa mchana ulikuwa unatoka ziwani ukiokota vumbi njiani kama abiria. Wenzake walikuwa wamejipanga. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Leo tutasikia ta ngapi?"

"Hesabu kwa vidole," afande akamjibu, "halafu uviweke masikioni."

Mkufunzi, mtu wa uso usiotoa habari, akaita jina lake. Wakati huo huo lori la maji likapita kando, likatufunika sote na wingu jekundu. Niliona vumbi likitua juu ya bunduki. Angekuwa ameipaka kama nilivyotaka, bolti ile ingekuwa andazi lililoviringishwa kwenye unga. Yeye alitoa kitambaa mfukoni, akapitisha mara moja kwenye bolti, akapuliza, akalala chini.

Akavuta, akasukuma. Ule mlio. Mimi sikupumua. Nadhani sikupumua tangu Jumanne.

Bunduki ikalia. Jamani, ikalia! Mimi niliruka juu nikatua mahali pengine. Kabla mwangwi haujarudi, bolti ilikuwa imeshatupa ganda nje na kumeza risasi nyingine, na bunduki ikalia tena, na tena, bila haraka, bila kusita, kila mara ule mlango wa tajiri ukifunguka na kufungwa katikati ya milio. Yule mwenye kuhesabu alikuwa amekunja mikono. Mkufunzi alikwenda hadi kwenye mbao, akainama, akakaa huko kwa muda wa kujenga nyumba na kuiezeka. Akarudi.

"Bunduki hiyo ilikuwa na ugonjwa gani?" akamuuliza.

"Gundi, mkuu."

"Na sasa?"

"Mafuta kidogo."

Mkufunzi akatikisa kichwa, ile ya kukubali. "Rudi nayo kituoni kwako. Kuna kiboko, nasikia."

Hakupiga kelele. Alifuta bolti, akaifunika bunduki, akafika nyuma ya pikapu, ndipo akanishika bega kwa nguvu iliyoniacha na alama. Macho yake yalikuwa na maji, nami nikajifanya naangalia tairi.

Njiani alimwomba dereva asimame Katito. Alitaka yule mzee asikie kutoka kinywani mwake kwamba bunduki imebaki Nyakach. Tulimkuta kwenye kinu, mweupe kwa unga kuanzia masharubu hadi vidole vya miguu. Akakizima ili asikie.

"Umepita, nyara?" alimuuliza, kwa lile neno letu la kumwita mtu binti yangu.

"Nimepita, jaduong'. Bunduki inabaki," afande akajibu, naye akimwita mzee kwa heshima ya kwetu.

Mzee akampa mkono kwa mikono yote miwili, akamwachia viganja vya unga. "Hiyo bunduki niliiogopa siku za mwisho," akasema. "Ilikuwa inakataa. Nilidhani ni uzee wangu."

"Ilikuwa mafuta, jaduong'. Yaliganda ndani."

"Ya mbuta?"

"Ya mbuta."

Mzee akacheka, akatema unga. Na mimi sikuweza kuvumilia zaidi. Mbele yangu alikuwa amesimama mwenye siri mwenyewe.

"Lakini mzee," nikasema, "sasa risasi zitaogeleaje?"

Wote wawili walinigeukia. Mzee alimtazama afande, afande akaangalia juu ya paa.

"Nani ataogelea?" mzee akauliza.

Nikamweleza yote: kuogelea, kugeuka kushoto na kulia, kunusa, mzoga katikati ya maji. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kubwa, akijipangusa mikono kwenye aproni.

"Wuoda," akasema, "mwanangu, mimi sijampiga kiboko akiwa majini hata siku moja. Risasi ikiingia majini inaishia hapo hapo. Nilikuwa namvizia alfajiri akiwa bado shambani, nakaribia, nampiga nchi kavu. Yeye anakimbilia ziwani, anafia huko, anazama. Mchana tumbo likijaa hewa anaibuka. Ninyi mlikuwa mmelala."

"Na mafuta ya mbuta?"

"Mke wangu alikuwa anayauza. Ndiyo yaliyokuwa nyumbani."